Robo ya uchumi iko Nairobi, wafanyakazi wanalala Rongai

Huku Marekani, ofisi ya takwimu za uchumi ya serikali kuu, BEA, hutoa pato la kila kaunti, yaani thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa humo, mara moja kwa mwaka, kaunti zaidi ya 3,000. Nyumbani Kenya, ofisi ya takwimu ya taifa, KNBS, ilitoa ripoti ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2019, na siku hizi ubishi ni mmoja: Nairobi inashika zaidi ya robo ya uchumi wa Kenya, ilhali kwa sensa ya 2019 ilikuwa na watu milioni 4.4 kati ya milioni 47.6.

Namba yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi ni jinsi inavyosomwa. Pato la kaunti hufuata mahali kazi ilipofanyika, halijali mfanyakazi analala wapi. Mhasibu anayedandia matatu alfajiri Rongai, karani wa Ruiru, fundi wa Mlolongo: kazi yao inaandikwa Nairobi, wao wenyewe wanahesabiwa Kajiado, Kiambu na Machakos. Kwa hiyo ukigawanya pato la Nairobi kwa wakazi wake, kila mkazi anaonekana tajiri kuliko alivyo. Manhattan, kitovu cha jiji la New York, nako ni hivyo hivyo, ila BEA hutoa pia mapato ya watu kwa kaunti wanazoishi, mishahara ya wanaovuka mpaka ikisharudishwa kwao. Barabara za Marekani baki nazo. Mimi naonea wivu takwimu hiyo ya pili.

Si rahisi kuipata kwetu. Huku waajiri huripoti mishahara kila robo mwaka kwa sababu ya bima ya wasio na kazi. Kenya, nje ya mashamba madogo, wafanyakazi zaidi ya 8 kati ya 10 wako jua kali, hawana payslipu.

Kwenye ukuaji ndiko magavana hutuzungusha. Gavana akitaja asilimia, muulize kwanza kama mfumuko wa bei umeondolewa. Pili, ni miaka mingapi: uchumi wa nchi ulisinyaa asilimia 0.3 mwaka 2020, ukaruka 7.6 mwaka 2021, na anayeanzia shimoni lazima aonekane shujaa. Kisha zidisha ukuaji kwa fungu la kaunti. Tuseme kaunti yenye asilimia 27 ya uchumi imekua kwa 6: imechangia pointi 1.6 hivi za asilimia katika ukuaji wa taifa. Yenye nusu asilimia ikikua kwa 12, inachangia pointi 0.06. Nairobi ikipunguza mwendo kidogo tu, hakuna kaunti ndogo ya kuziba pengo hilo.

Na dola tunazotuma nyumbani sisi Wakenya wa ughaibuni, zaidi ya bilioni 4.9 mwaka 2024? Zikiingia M-Pesa hazijaongeza pato la kaunti yoyote. Zinaanza kuhesabika fundi akilipwa, mawe ya Ndarugo yakichongwa, simiti ikiuzwa. Ukinunua ploti Juja, bei ya ardhi yenyewe haiongezi Kiambu hata senti. Kinachohesabiwa ni kamisheni ya broka na ada ya wakili, ambaye pengine ofisi yake iko Nairobi.