Kanisa la Mackenzie lilikuwa na cheti

Tarehe 19 Mei 2023 Msajili wa Vyama alifuta usajili wa kanisa la Good News International la Paul Mackenzie. Kufikia siku hiyo wachimbaji walikuwa wamemaliza karibu mwezi mzima katika msitu wa Shakahola, Kilifi, wakifukua maiti za wafuasi wake waliofunga hadi kufa njaa. Kila mjadala wa kudhibiti makanisa unapozuka hapa Pwani, tarehe hiyo hunirudia kichwani. Miaka yote ambayo Mackenzie alihubiri Malindi dhidi ya shule na hospitali, kanisa lake lilikuwa na cheti halali chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Mwenyewe alidai alilifunga mwaka 2019. Katika rejista ya serikali liliendelea kuwa hai, na lilikuwa hai humo watu walipokuwa wakifa.

Tangu hapo tumeletewa dawa moja kwa majina tofauti. Jopo la Rais lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi lilikabidhi ripoti yake Julai 2024. Danson Mungatana, Seneta wa Tana River aliyeongoza kamati ya Seneti kuhusu Shakahola, naye akaja na mswada wa mashirika ya dini. Yanayozungumzwa msomaji anayajua: msajili maalumu wa dini, kila kanisa na kila msikiti kuwa chini ya mwavuli fulani, yaani chombo cha juu cha pamoja, wahubiri wawe na elimu ya theolojia, hesabu za fedha zikaguliwe. Wachungaji wengi wamepinga, na mwananchi akisikia mchungaji anapinga, jibu lake ni moja: huyo ana sadaka anazificha.

Mimi ni mchungaji wa Kibaptisti hapa Mombasa, na shaka hiyo naielewa. Wahubiri wanaouza maji na mafuta ya upako wameifanya iwe ya haki. Lakini pingamizi letu Wabaptisti ni la zamani kuliko sadaka za M-Pesa, na nahisi halijawahi kuelezwa vizuri kwa Kiswahili cha mtaani.

Wenye kutaka sheria wasikilizwe kwanza, maana hoja yao si nyepesi. Maiti zilizofukuliwa ni zaidi ya 400. Februari 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, mashtaka ambayo wameyakana. Mtoto wa miaka minne hana uhuru wa kuabudu anaoutumia anaponyimwa chakula. Anayesema serikali isikaribie kabisa mlango wa kanisa na amweleze huyo mtoto angelindwa na nani. Na mwaka 2025 makaburi mengine yakagunduliwa Kwa Binzaro, Kilifi ile ile, baada ya sote kuapa kwamba haitatokea tena.

Hoja yao ya pili inatugusa sisi wenyewe, na inauma. Wabaptisti husema kila kanisa linajitawala, hakuna askofu juu yake. Mei 2022 ilibainika kwamba viongozi wa Southern Baptist Convention, muungano mkubwa kuliko yote wa Wabaptisti kule Marekani, walikuwa wakitunza kwa siri orodha yenye majina zaidi ya 700 ya watuhumiwa wa unyanyasaji wa kingono, wengi wao wachungaji na watumishi wa makanisa. Kwa miaka mingi waathiriwa waliambiwa muungano hauwezi kufanya lolote kwa kuwa kila kanisa lina mamlaka yake. Uhuru wa kanisa uligeuzwa pazia. Nikisikia Mbaptisti anatetea kujitawala bila kuitaja orodha hiyo, simwamini. Tena Musyimi mwenyewe aliwahi kuwa mchungaji wa Nairobi Baptist Church kabla ya kuliongoza Baraza la Makanisa, NCCK, kwa hiyo hatuwezi kusema jopo liliongozwa na mtu asiyetujua.

Sasa upande wetu. Kanisa la Kibaptisti lililo sawasawa ni mkutano wa watu waliobatizwa wakiwa na akili zao, kwa maji mengi, baada ya kukiri wenyewe. Hatubatizi watoto wachanga, kwa sababu tunaamini hakuna anayeweza kuamini kwa niaba ya mwenzake, awe baba, mfalme au serikali. Kutokana na hilo moja ndiyo yanafuata mengine yote. Mchungaji huitwa kwa kura za washirika na huweza kuondolewa kwa kura hizo hizo. Bajeti husomwa mbele ya watu, na mama anayeuza mahamri Mikindani ana kura sawa na meneja wa benki. Nimeikalia mikutano hiyo. Ni mirefu, ina kelele, na mara nyingine kiti cha plastiki hujadiliwa kwa saa nzima. Ila ndani yake mchungaji huulizwa maswali ambayo hakuna msajili wa Nairobi atakayejua kuyauliza. Mwavuli wa lazima unaondoa nguvu pale chini na kuipeleka kwa viongozi wachache walio karibu na wakubwa. Wabaptisti wana miungano, naam, lakini ya hiari: kanisa huingia na kutoka. Likilazimishwa kuwa chini ya chombo kingine ili lipate ruhusa ya kuabudu, limekwisha kuwa kanisa la aina nyingine.

Hatukuanza kuyasema haya juzi. Mnamo 1612 Mwingereza Thomas Helwys, aliyeanzisha kanisa la kwanza la Kibaptisti Uingereza, alimwandikia Mfalme James kwamba mamlaka ya dunia hayana haki ya kumwadhibu mtu kwa dini yake, awe mzushi, Mturuki au Myahudi. Mturuki kwa Waingereza wa wakati ule alikuwa Mwislamu. Helwys alitiwa katika gereza la Newgate na kufikia 1616 alikuwa amefariki. Kuanzia 1768 wahubiri wa Kibaptisti kule Virginia walifungwa jela, nyuma ya kesi zao kukiwa na kosa moja: walikataa kuomba leseni ya kuhubiri. (Sipambi historia. Baadhi ya Wabaptisti hao hao waliodai uhuru wa dhamiri walimiliki watumwa, na mwaka 1845 wa kusini walijitenga na wenzao kwa ajili ya utumwa. Wamisionari waliotujia Kenya mwaka 1956 walitumwa na muungano uliozaliwa siku hizo, ule ule wa Southern Baptist Convention.)

Kinachonishangaza kwa Helwys ni kwamba hakuomba nafuu ya kanisa lake peke yake. Alimtaja Mwislamu ambaye pengine hakuwahi kumwona. Sisi wa Mombasa tunaishi naye ukuta kwa ukuta, na hapo ndipo tunapopimwa. Mji huu umeonja mamlaka na ibada vinapokalia kiti kimoja. Wareno walimbatiza Yusuf bin Hasan, wakamlea Goa kwa jina la Dom Jerónimo na kumsimika awe mfalme wao hapa. Mwaka 1631 aliwageuka, akaiteka Fort Jesus, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa. Wareno walitumia kiti cha enzi kumfanya Mkristo, naye akatumia kiti hicho hicho kuwafanya wengine Waislamu.

Karibu zaidi na sisi ni Novemba 2014, polisi walipovamia misikiti ya Majengo na Kisauni, wakakamata mamia ya watu, na misikiti minne ikafungwa kwa muda. Serikali ilisema imekuta silaha na mafunzo ya itikadi kali. Wengi katika makanisa yetu walinyamaza, na sababu ilieleweka: makanisa yalikuwa yameharibiwa katika ghasia za Agosti 2012, na Machi mwaka huo huo wa 2014 waumini walikuwa wamepigwa risasi ndani ya kanisa Likoni. Hata hivyo, mwenye silaha hukamatwa na kupelekwa mahakamani. Mzee aliyekwenda kuswali alfajiri hafungiwi msikiti kwa kosa la mwingine. Ukimpa msajili uwezo wa kuamua ni mafundisho gani yafaa, usidhani ataanza na mhubiri wa miujiza mwenye helikopta. Ataanza na wasio na mtu serikalini. Huko Rwanda, sheria ya 2018 ilitaka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia, na makanisa yamefungwa kwa maelfu. Mengi yalikuwa ya wanyonge, yasiyo na choo cha kisasa wala pesa za kusomesha mchungaji.

Turudi Shakahola, maana hapo ndipo watetezi wa mswada husimama. Mackenzie alikamatwa na kushtakiwa mwaka 2017, mambo ya watoto kutopelekwa shule yakiwemo. Machi 2023 alikamatwa tena kuhusu vifo vya watoto wawili walioshukiwa kufa njaa, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Ifikirie hiyo shilingi 10,000. Kunyima mtoto chakula ni jinai. Kumtoa shule ni kuvunja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hakuna kifungu cha dini kilichohitajika hapo, wala theolojia ya mtu haikuhitaji kupimwa; ilihitajika tu polisi, hakimu na chifu wafanye kazi wanayolipwa. Mbona basi hukumu ya kwanza aliyopata baada ya Shakahola, Desemba 2023, ikawa kifungo cha miezi 12 kwa kuendesha studio ya filamu bila leseni? Kwenye leseni tuko hodari. Watetezi wa mswada bado hawajanionyesha ni cheti gani kipya kingefanya kile ambacho cheti cha zamani, mashtaka ya 2017 na dhamana ya Machi havikufanya.

Wenzangu wengine huingiza hapa Mahakama ya Kadhi, kama walivyofanya katika kura ya maoni ya katiba ya 2010. Kwa kanuni zetu ni kweli serikali haifai kugharamia mahakama ya dini yoyote. Lakini mahakama hiyo ilikuwa Pwani kabla ya Kenya, na ilibaki kwa makubaliano ya 1963. Kuifanya vita ya kwanza, huku tukitaka maimamu watusaidie kupinga mswada, ni kukosa haya. Mwaka 2016 kanuni za Mwanasheria Mkuu za kusajili upya dini ziliondolewa kwa sababu makanisa na viongozi wa Kiislamu walizikataa pamoja.

Sipingi kila kitu. Fedha za umma wa kanisa zikaguliwe. Kanisa linalopigia kura bajeti yake halina cha kuogopa, na lisilopiga kura linahitaji ukaguzi zaidi. Kila mchungaji, imamu na mwalimu wa madrasa awe na wajibu wa kisheria kuripoti mtoto anayedhulumiwa, bila kisingizio cha kujitawala. Mhubiri akitozwa faini kwa ulaghai sitalia. Kifungu cha miavuli ndicho nitakachosimama kukipinga hata vingine vyote vikirekebishwa, kwa sababu bado hakuna aliyenijibu ni nani atakayekaa ndani ya mwavuli huo kuamua kama kanisa la watu arobaini Mikindani lina haki ya kukutana Jumapili.