Gimbi nalo linastahili kibaraza

Wageni wengi wanaofika kwangu hapa Mwanga, Kigoma, husimama mbele ya pipa la bluu lililo kibarazani na kuuliza lile ni ua gani. Nikiwajibu kuwa ni gimbi, hili hili tunalochemsha asubuhi tukalinywea chai, hawaamini mpaka waguse jani.

Siku hizi tunapenda kupamba nyumba kwa mimea ya majani mapana, na mimi naunga mkono. Kinachoniuma ni pesa tunazopeleka mbali kununua mimea tusiyoijua, na uzuri mkubwa umejaa mabondeni kwetu.

Nami yalinikuta. Nilinunua monstera kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni. Ilifika na jani moja limevunjika, hilo nikalisamehe. Ila chungu chake hakikuwa na tundu hata moja, na sikukagua. Wiki ya tatu majani yakawa manjano, na nilipoung'oa mche, mizizi ilikuwa imeoza na inanuka. Monstera ni mmea wa misitu ya Mexico na Amerika ya Kati, hupanda juu ya miti, mizizi yake inataka hewa. Aliyeniuzia alipaswa kulijua hilo.

Gimbi lina tabia nyingine. Asili yake ni Asia, lakini limekaa Afrika karne nyingi, na linastahimili udongo wenye maji kuliko mimea mingi ya mapambo. Kwa gimbi, adui ni chombo kidogo. Jani lake likishiba hufika nusu mita na zaidi, na jani la ukubwa huo hupoteza maji mchana kutwa. Mwezi wa saba na wa nane, ukilipanda kwenye ndoo ya lita 10, maji yake hayamalizi siku. Jioni unakuta majani yamelala.

Mimi nilichukua pipa la lita 60, nikalikata mdomo. Matundu sita nikayatoboa ubavuni kwa msumari wa moto, vidole vitatu juu ya kitako, ili chini ibaki akiba ya maji ndani ya udongo. Nikajaza ndoo mbili kubwa za udongo wa bondeni na moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri; samadi mbichi huunguza mizizi. Mchanga wa ziwani sikuutia, unapitisha maji haraka mno. Jua la asubuhi linalipata, la mchana linakingwa na paa.

Wanaoweka sahani ya maji chini ya chungu, nawaomba waiondoe. Siku saba hadi kumi za maji yaliyotuama zinatosha yai la mbu kuwa mbu anayeruka, na malaria Kigoma tunaijua. Na wenye watoto wadogo waliweke mbali nao, kwa sababu gimbi bichi, jani na kiazi, lina chembe kali kama sindano zinazowasha mdomo na koo. Ndiyo maana tunalipika likaiva hasa.

Amka alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya vilima, uliangalie. Kila ncha ya jani inaning'iniza tone moja. Huo si umande. Ni maji ambayo mizizi imeyasukuma juu usiku kucha, jani likayatolea nchani. Tone linanenepa, linatetemeka, linadondoka, na jingine linaanza. Ukimwagia maji juu ya jani hayaligandi. Yanajiviringa kama shanga na kuporomoka. Nimekaa na kikombe changu cha chai nikiyatazama mpaka chai ikapoa.

Mama mmoja jirani alinihurumia siku nilipopanda.

"Mwanangu, chakula unakifungia kwenye pipa?"

"Kitaliwa pia, mama."

Mwezi wa tano, mvua zilipokwisha, nilipindua pipa. Kiazi kikubwa tulikila, mimi na yeye, kwa chai ya rangi. Machipukizi yalikuwa manne: moja nimelirudisha pipani, mawili nimempa rafiki wa Ujiji, na la nne mama amelipanda kwenye diaba lake lililopasuka, kando ya mlango wa jiko. Juzi ameniita nikaone jani jipya likijikunjua.