Mzazi asipigwe baridi thieta

Kwetu Pemba mzazi hapigwi baridi. Maji ya moto yako jikoni tangu alfajiri, anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, na ukivuma upepo wa kusi mkwewe ndiye anayewagombeza watoto walioacha dirisha wazi. Siku arobaini nzima. Lakini mzazi huyohuyo akiingia thieta kwa upasuaji wa kujifungua, tunamlaza tumbo wazi chini ya kiyoyozi, tunampaka dawa ya majimaji, kisha tunamtundikia dripu iliyolala chumbani humo usiku kucha.

Mimi ni muuguzi na jambo hili linaniuma.

Dada mmoja aliniambia huku meno yakimgongana, "Nesi, nakufa na baridi." Nikakimbilia blanketi, nami nilikuwa nimeshachelewa. Sindano ya ganzi ya mgongoni ikishakolea, mishipa ya damu ya miguu hutanuka, na joto lililokuwa kifuani na tumboni likashukia miguuni na kupotea. Sehemu iliyokufa ganzi haitetemeki wala haisikii baridi. Ndiyo maana utaona mabega na taya tu vikitetemeka. Wapo wanaokujibu "sijambo" na joto lao limeshapita chini ya nyuzi 36. Basi kumuuliza hakutoshi. Apimwe kabla ya ganzi, apimwe katikati, apimwe akishatoka.

Damu iliyopoa inachelewa kuganda, na huyu ni mtu ambaye kila tone lake tunalihesabu. Kidonda nacho hushika uchafu upesi zaidi.

Ugomvi wetu mkubwa ni kiyoyozi. Daktari aliyevaa aproni na gauni juu yake anatoka jasho, hasa kaskazi, na simlaumu. Lakini Shirika la Afya Duniani linataka chumba anamozaliwa mtoto kiwe na nyuzi 25 hadi 28, na mtoto anatoka amelowa. Kwa maoni yangu rimoti akae nayo muuguzi mpaka mtoto akaushwe na mzazi afunikwe.

Penye mashine ya blanketi la hewa ya moto, iwashwe kabla ya sindano. Pasipo nayo, blanketi kavu kifuani na mabegani, kofia kichwani, na shuka iliyolowa itolewe palepale. Dripu ipashwe kwenye kabati lake maalumu, ifike joto la mwili. Lita moja tu ya maji ya joto la chumbani inamshusha mtu mzima karibu robo ya nyuzi. Chupa za maji ya moto miguuni, hapana, nasema tena hapana: amekufa ganzi, ataungua asijue.

Siku hizi zamu yangu ikifika, naingia thieta mapema, napunguza ubaridi wa kiyoyozi, naweka blanketi mbili tayari, na kanga kavu aliyokuja nayo mwenyewe naiweka kando. Mtoto akilia namkausha, namlaza kifuani kwa mamake, nawafunika wote wawili kwa kanga ile.