Anayekunywa Methadoni Ameshaacha Unga

Kuna kauli nimechoka kuisikia hapa Mtwara. Kijana aliyekuwa anabwia unga, yaani heroini, kaanza methadoni, dawa ya hospitali ya kumwondolea hamu ya unga, kanenepa, karudi kazini, halafu shangazi yake anasema, "Huyo hajaacha, kabadilisha kilevi tu." Si kweli, na maneno hayo ndiyo yanayowarudisha watu kijiweni.

Heroini huisha nguvu baada ya saa chache, ndiyo maana teja kutwa anaikimbia arosto: kamasi, tumbo kukata, viungo kuuma. Methadoni inashika polepole na kukaa siku nzima, na kwa aliyezoeshwa kipimo chake hailevyi. Hapa nchini kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Mgonjwa anamiminiwa dawa ya maji kwenye kikombe, anakunywa mbele ya mhudumu, kisha anaongeleshwa kidogo ionekane kweli amemeza. Anayepanga foleni hiyo mvua jua, mwite aliyeacha. Mkulima wa Tandahimba anapulizia mikorosho dawa ya salfa kila msimu, na sijamsikia anayeuambia mkorosho ujikaze.

Ila huku Kusini pombe inaniumiza zaidi. Mabibo yakianza kudondoka, uraka na nipa, pombe zinazotokana na mabibo hayo, havina saa. Kuna baba zetu wanaoshika kikombe cha kwanza cha asubuhi kwa mikono miwili, maana mmoja unatetemeka hadi pombe inamwagika. Wenyewe wanaita kutoa loki. Familia ikichoka inamfungia chumbani aache kiume.

Jamani, hapo mnaweza kumuua. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege, akaona watu wasiokuwepo, hata akafa. Tunasema kapagawa, tunamtafutia mganga, na muda unapita. Huyo ni wa hospitali: diazepamu ya kumtuliza, vitamini B1, na uangalizi wa siku kadhaa mpaka mwili utulie.

Baada ya hapo ziko dawa za kumsaidia asirudie, naltreksoni na akamprosati. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Daktari lazima aambiwe ukweli wote, kwani naltreksoni kwa anayetumia heroini au methadoni inaamsha arosto kali. Methadoni nayo ikichanganywa na pombe inaweza kuzima pumzi. Ushauri nasaha uendelee, hilo halina ubishi.

Ninachoomba ni hiki. Hospitali za Mtwara na Lindi zikiagiza dawa, hizi za pombe ziwemo, na zifike kabla ya mabibo kuiva. Wahudumu wasimfukuze mtu kwa sababu ananuka nipa, maana huyo ndiye mgonjwa mwenyewe. Na ninyi mashangazi, mpwa wenu akirudi kutoka kliniki, muulizeni kama amekula.