Kuchungulia au kutega ndoo: MPI_Iprobe inafaa wapi?

Tuseme unaandika programu ya kuiga mafuriko katika bonde la Mto Nyando, magharibi mwa Kenya, kuanzia milima ya Nandi na Tinderet hadi mto unapoingia Ghuba la Winam. Ni takriban kilomita za mraba 3,600. Ukilikata miraba ya mita 30 kwa 30 unapata miraba milioni 4, na ukiigawia michakato 16 ya MPI (mfumo wa kuandika programu zinazoendeshwa sambamba na kutumiana ujumbe), kila mchakato unabeba miraba 250,000, yaani kipande cha 500 kwa 500. Kwenye karatasi mgao huo ni wa haki. Mvua ikinyesha, haki inakwisha: mraba mkavu hauna hesabu ya maana, ilhali mchakato uliopewa Ahero na uwanda wa Kano unahesabu maji karibu kila mahali. Michakato ya huko milimani inamaliza mapema na kukaa bure.

Sasa, mchakato uliolemewa utajuaje kwamba mwenzake amemaliza na anaomba kazi, bila kuacha hesabu yake na kukaa kumsubiri? Jibu linalokimbiliwa ni MPI_Iprobe, wito wa kuangalia kama kuna ujumbe uliofika. Mara nyingi hukimbiliwa haraka mno.

Iprobe huchungulia tu. Unaitajia mtumaji na lebo, au unaiambia yeyote na yoyote kwa MPI_ANY_SOURCE na MPI_ANY_TAG, nayo hurudi papo hapo na bendera: ya kweli kama kuna ujumbe unaolingana, ya uongo kama hakuna. Ujumbe wenyewe haujaguswa. Ukiwepo, status (rekodi ya maelezo ya ujumbe) inakuambia umetoka kwa nani na una lebo gani, na MPI_Get_count inakupa idadi ya vipengee ili utenge bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kupokelea data) ya kutosha kabla ya kupokea. Bendera ikiwa ya uongo, usiisome status. Kilichomo humo hakina maana yoyote, na wapo wanaopoteza siku nzima wakikifukuza.

Mshindani wake ni MPI_Irecv, inayoomba kupokea bila kusubiri, ikifuatwa na MPI_Test, inayouliza kama ujumbe umeshaingia. Huku ni kutega ndoo chini ya mabati kabla mvua haijaanza: bafa iko tayari, na maktaba ya MPI inajua pa kumwaga data inapofika. Ujumbe mdogo usiotegewa chochote huwekwa kwanza kwenye foleni ya ujumbe usiotarajiwa, ndani ya kumbukumbu ya maktaba, kisha hunakiliwa tena kwenda kwenye bafa yako. Huo ni mnakilio wa ziada. Watumaji wakiwa 15 na mpokeaji achungulie kwa nadra, foleni hiyo hunenepa na kumbukumbu huanza kupotea bila malloc (wito wa kuomba kumbukumbu) yako hata moja kuhusika.

Kwa hiyo tuliangalie bonde letu ujumbe kwa ujumbe. Kingo za vipande, ambazo kila mchakato huzihitaji kutoka kwa jirani zake, hubadilishanwa kila hatua ya hesabu: miraba 500, thamani 3 kwa kila mraba, baiti 8 kwa kila thamani, jumla baiti 12,000. Mtumaji anajulikana, ukubwa unajulikana. Iprobe haina kazi hapa. Tega Irecv mwanzoni mwa hatua, hesabu miraba ya katikati, kisha malizia kwa MPI_Waitall, inayosubiri zote zikamilike.

Ombi la kazi nalo? Hapa ndipo wengi watabisha, lakini ombi lenyewe ni intaja moja. Hujui litatoka kwa nani wala saa ngapi, ila unajua ukubwa wake. Irecv moja yenye MPI_ANY_SOURCE, inayotegwa upya kila inapojaa, inatosha. Gharama yake ni mwishoni: ndoo moja hubaki imetegwa, na lazima uiondoe kwa MPI_Cancel na MPI_Wait, au ujitumie ujumbe mtupu wa kuifunga, kabla ya MPI_Finalize, wito wa kufunga MPI. Iprobe haiachi mabaki ya aina hiyo, na hilo si jambo dogo kwa programu yenye njia nyingi za kutokea.

Naye aliyeomba, ambaye hana kazi nyingine, hana sababu ya kuchungulia kwenye kitanzi. Aite MPI_Probe, ambayo hairudi mpaka ujumbe ufike, aone ukubwa, apokee.

Iprobe inastahili pale msaidizi (aliyeomba kazi na kupewa) anaporudisha matokeo pamoja na orodha ya miraba ambayo maji yameifikia upya. Hakuna anayejua mapema kama ni miraba 12 au 40,000, hujui msaidizi yupi atatangulia, na mpokeaji ana hesabu yake mkononi. Kutega ndoo ya ukubwa wa juu kabisa kwa kila mtumaji kunawezekana, lakini kwa megabaiti 8 kila mmoja na watumaji 15 umeshafunga megabaiti 120 kwa ajili ya ujumbe ambao mara nyingi ni mdogo.

Baada ya hapo ni suala la kuchungulia mara ngapi. Tuseme umepima mashine yako ukakuta kuchungulia patupu kunakula nusu maikrosekunde, na mraba mmoja wenye maji unakula maikrosekunde 2. Ukichungulia kila mraba, umeongeza robo nzima ya muda wa hesabu. Ukichungulia mwisho wa kipande chote, aliyeleta matokeo anaweza kungoja nusu sekunde. Ukichungulia kila safu ya miraba 500, ni nusu maikrosekunde juu ya 1,000. Haionekani hata kwenye vipimo. Faida nyingine ni kwamba wito huo huipa maktaba nafasi ya kusukuma mawasiliano mengine yaliyokwama. Maktaba nyingi hazisogezi ujumbe mkubwa usipoziita, kwa hiyo hata Irecv zako za kingo hufaidika.

Hoja inayotolewa sana dhidi ya Iprobe, kwamba inakula prosesa bure, ni nusu ya ukweli. MPI_Recv (inayopokea kwa kusubiri) na MPI_Probe nazo, katika maktaba nyingi, huzunguka ndani kwa ndani zikitazama mtandao, na amri ya top, ya kutazama matumizi ya prosesa, itakuonyesha asilimia 100 vilevile. Kwenye kompyuta ya maabara yenye kori 4 inayoendesha michakato 8, wote hao hunyang'anyana. Kutia usleep(1), yaani kulala maikrosekunde moja, kwenye kitanzi hakukupi usingizi wa maikrosekunde moja kweli: kerneli ya Linux kwa kawaida hujipa uhuru wa kuchelewesha kumwamsha mchakato kwa takriban maikrosekunde 50.

Makosa yenyewe ni machache lakini yanauma. La kwanza: unachungulia kwa MPI_ANY_SOURCE, unapata ukubwa, kisha unapokea tena kwa MPI_ANY_SOURCE. Ujumbe mwingine waweza kuingia kati, na ukiwa mkubwa kuliko bafa unapata MPI_ERR_TRUNCATE, kosa la ujumbe kutoenea kwenye bafa. Pokea kwa mtumaji na lebo zilizomo kwenye status. La pili: kudhani bendera ya kweli ina maana data imefika. Ujumbe mkubwa hutanguliza bahasha tu, yaani mtumaji, lebo na ukubwa. Data huanza kusafiri ukishaita kupokea, na MPI_Recv hapo itakuzuia mpaka iishe. Kama hutaki, ita Irecv baada ya kuchungulia. La tatu: kuchungulia ujumbe ambao Irecv yako imeshautegea. Iprobe haitauona kamwe.

Nyuzi (threads) nyingi ndani ya mchakato mmoja zina balaa lao. Uzi wa kwanza unachungulia, wa pili nao unachungulia, wote wanaona ujumbe uleule; mmoja anaupokea, mwingine anaganda ndani ya MPI_Recv. MPI-3.0 ya mwaka 2012 ilileta MPI_Improbe, inayouondoa ujumbe foleni papo hapo na kukupa kishikio cha kuupokelea kwa MPI_Mrecv au MPI_Imrecv. Kwa nyuzi, sioni sababu ya kutumia Iprobe tena.

Limebaki swali la lini kuacha kuchungulia. Bendera ya uongo haimaanishi hakuna ujumbe. Huenda uko njiani. Ukifunga duka kwa sababu umechungulia mara tatu patupu, utapoteza matokeo siku mtandao ukiwa mzito. Kama kila mchakato unajua yote utakayotuma katika awamu hiyo, tuma kwa MPI_Issend, ambayo haikamiliki mpaka mpokeaji aanze kupokea. Endelea kuchungulia na kupokea. Issend zako zote zikikamilika, ita MPI_Ibarrier, kizuizi kisichokamilika mpaka michakato yote ikiite, na usiache kuchungulia hadi nayo ikamilike. Lakini kama ujumbe unaopokelewa huzaa mwingine, kama orodha ya miraba mipya inavyoweza kuzaa ombi jipya la kazi, njia hiyo haitoshi: itabidi uhesabu zilizotumwa na zilizopokelewa katika michakato yote, na ukubali kuacha pale tu jumla hizo mbili zinapolingana katika mizunguko miwili mfululizo bila kubadilika.