Jumuiya za kujifunza katika miaka ya lisansi: Lubumbashi inaweza kunufaika, ila ratiba ya kozi ni kikwazo

Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022, vyuo vikuu vya Kongo vilipoanza kuhamia mfumo wa LMD, yaani wa lisansi, masta na udaktari, mwanafunzi wa lisansi (shahada ya kwanza) hupaswa kukusanya krediti 180, yaani vipimo vya kazi ya masomo, kwa miaka mitatu, na kozi zenye uhusiano huwekwa katika kitengo kimoja cha mafunzo, alama zake zikatazamwa kwa pamoja. Kwa sehemu kubwa uhusiano huo umebaki kwenye karatasi. Kila profesa hufundisha kozi yake na kutunga mtihani wake, na pengine hajui mwenzake wa kitengo hichohicho amefundisha nini. Kwa hiyo pendekezo la kuanzisha jumuiya za kujifunza katika miaka ya lisansi linastahili kupimwa kwa makini hapa Lubumbashi.

Jumuiya ya aina hii ni kundi dogo la wanafunzi wanaosoma pamoja kozi mbili au tatu za taaluma tofauti, zilizofungamanishwa na swali moja, huku walimu wa kozi hizo wakipanga kazi kwa pamoja. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1927, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, Alexander Meiklejohn alianzisha chuo cha majaribio ambamo wanafunzi walitumia mwaka wao wa kwanza kuchunguza Athene ya kale, na wa pili kuichunguza Marekani ya wakati wao. Kilifungwa mwaka 1932. Evergreen State College, kilichoanza kufundisha mwaka 1971 katika jimbo la Washington, kilijenga masomo yake juu ya programu zinazofundishwa na walimu wa taaluma mbalimbali kwa pamoja.

Hoja yenye uzito zaidi kwa upande wa wanaounga mkono inatoka hapahapa, katika vumbi la migodi yetu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini katika Katanga walikuwa na kiwango kikubwa sana cha kobalti katika mkojo wao. Mwaka 2020 ukafuata utafiti uliofanyika Lubumbashi, ulioonyesha kwamba kazi ya baba katika migodi inahusiana na hatari kubwa zaidi ya mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Je, familia inayosoma habari hizo ifanye nini? Daktari anaweza kupima mkojo, na mkemia anaweza kueleza jinsi kobalti inavyoingia katika vumbi na mboga. Lakini ni mwanasheria anayejua Kanuni ya Migodi ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamruhusu mchimbaji mdogo kuchimba wapi na inamkataza wapi. Na ni mtu wa uchumi au sosholojia atakayetueleza kwa nini baba huyo anarudi shimoni kesho yake hata baada ya kuonywa. Kijana anayesomea sheria mjini humu anaweza kumaliza lisansi yake bila kuketi hata mara moja kuandika ukurasa mmoja na mwenzake wa kilimo au wa kemia. Katika mji unaoishi kwa shaba na kobalti, hilo ni pengo kubwa, na sidhani linaweza kuzibwa kwa semina ya siku moja.

Utengano huu una historia pia. Mwaka 1971, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, vitivo viligawanywa kwa miji: fasihi na sayansi za jamii zikakusanywa Lubumbashi, elimu na saikolojia Kisangani. Mgawanyo huo ulivunjwa mwaka 1981, ila desturi ya kila taaluma kukaa peke yake ilibaki.

Wanaopinga nao wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Ya kwanza ni kina cha elimu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye bado anahangaika na hesabu za kemia, wanasema, atachanganya taaluma gani wakati hajaishika hata moja? Nadhani hoja hii ni sahihi kwa nusu. Mtu haunganishi asichokijua. Lakini swali zuri humpa mwanafunzi sababu ya kukitafuta anachokikosa, na miaka ya lisansi ina nafasi ya kozi mbili zenye uhusiano bila kuiba saa za kemia.

Ya pili ni kazi za vikundi. Kila aliyepitia chuo kikuu kwetu anaijua ile kazi ya kikundi yenye majina kumi kwenye jalada ilhali walioiandika ni wawili. Jumuiya ya kujifunza inayotoa alama moja kwa wote itaukuza ubovu huo. Ni kweli kwamba wanafunzi wetu husoma pamoja siku zote, kwa kuwa silabusi moja huzunguka mikononi mwa wengi, lakini kukaririshana maswali ya mtihani ni kazi tofauti kabisa na kuchunguza jambo pamoja.

Kikwazo kinachonitia wasiwasi kuliko vyote, hata hivyo, husemwa mara chache: ratiba. Jumuiya ya kujifunza huhitaji kozi zake ziende sambamba, wiki baada ya wiki, ili alichosikia mwanafunzi Jumatatu katika somo la afya akitumie Alhamisi katika somo la sheria. Vyuo vyetu vingi hutegemea maprofesa wageni wanaokuja kutoka mji mwingine, wakafundisha asubuhi na jioni kwa wiki moja au mbili, wakamaliza kozi nzima na kuondoka. Kozi hufuatana moja baada ya nyingine, wala haziendi pamoja. Walimu wawili wa kitengo kimoja wanaweza kufundisha mwaka mzima bila kuonana. Katika hali hiyo, kutangaza jumuiya za kujifunza ni kubadilisha jina la kitu kilekile.

Ushahidi wa nje nao unatutaka tusitarajie makubwa. Katika chuo cha Kingsborough, Brooklyn, mjini New York, wanafunzi wapya wapatao 1,500 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakaingizwa katika jumuiya za watu wasiozidi 25 kwa muhula mmoja. Baada ya miaka sita, asilimia 36 yao walikuwa wamehitimu, dhidi ya 31 ya wengine. Mpango kama huo ulipojaribiwa katika vyuo vingine, faida ya wastani ilikuwa karibu nusu krediti tu katika somo lililolengwa. Tena Kingsborough ilitoa pia ushauri wa karibu na vocha za vitabu, vitu ambavyo huku mwanafunzi hujitafutia mwenyewe.

Nikipima pande zote mbili, naunga mkono jaribio, ila liwe dogo. Lianzie kwenye kitengo kimoja cha mwaka wa kwanza, kwa kozi zinazofundishwa na maprofesa wakaazi wakisaidiwa na maasistanti, na kozi za wageni zibaki nje yake. Ripoti ya kikundi ipewe sehemu ndogo ya alama, na sehemu kubwa itokane na kila mwanafunzi kuhojiwa peke yake juu ya ripoti nzima, pamoja na kurasa alizoandika mwenzake wa taaluma nyingine. Saa ambazo walimu hukaa pamoja kupanga kazi zihesabiwe kama saa za kufundisha na zilipwe, kwa sababu mwalimu anayekimbia kati ya vyuo vitatu ili alishe watoto wake hatatoa jioni zake bure kwa muda mrefu. Na saa za kozi hizo ziandikwe kwenye ratiba ya kitivo kabla wageni hawajapangiwa tarehe, kwani baada ya hapo ratiba yote hufuata safari zao.