Kanga Mlangoni: Kufanyia Kazi Nyumbani, Hamburg na Tanga

Siku ya tatu tangu nifike Tanga, mama aliingia chumbani na sahani ya mihogo ya kukaanga, kachumbari pembeni. Nilikuwa katikati ya mkutano wa video, hedifoni kichwani, nawaeleza wenzangu habari ya kontena mbili ambazo uzito ulioandikwa kwenye hati haukulingana na uliopimwa bandarini. Mama akaiweka sahani karibu kabisa na kompyuta, akafuta meza kwa ncha ya kanga, akauliza kwa sauti yake ya kila siku: "Mwanangu, leo huendi popote?"

Swali lile nimelifikiria sana. Mama hakuwa ananichokoza. Kwetu kazi ni kwenda: unaoga, unavaa, unaaga, unatoka, jioni unarudi umechoka na mkate mkononi. Anayeshinda ndani ni mgonjwa, au yuko likizo, au hana kazi, na yeyote kati ya hao anastahili kuletewa mihogo na kupata mtu wa kupiga naye soga.

Mimi naishi Hamburg tangu 2016. Kazi yangu ni hati za mizigo ya meli, na tangu korona ya 2020 naifanyia nyumbani siku nne kati ya tano. Miaka mitatu sasa, kila Januari nabeba kompyuta yangu, kwa ruhusa ya maandishi ya mwajiri, nakwenda kukaa kwa mama, mtaa wa Ngamiani hapo Tanga, wiki sita, na kazi inaendelea. Watanzania wenzangu wa huku huniambia haiwezekani: umeme, intaneti, kelele. Ndugu zangu wa Tanga nao wanaona nalipwa kwa kukaa. Sikubaliani na upande wowote. Umeme na intaneti ni mambo ya hela na mpango. Ukiyashughulikia wiki moja yanakaa sawa. Kazi kubwa ni ya watu. Nyumbani ni wengi na hawajui kwamba uko kazini. Ughaibuni hawapo, na kutokuwepo kwao kunaiharibu kazi vilevile.

Nianze na umeme, maana ndio ninaoulizwa zaidi. Wengi hununua inveta kubwa, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe vyombo vya nyumbani, bila hesabu, au jenereta inayounguruma hadi mkutano hausikiki. Piga hesabu kwanza. Kompyuta mpakato inakula kama wati 50, ruta ya intaneti 10, feni ndogo ya mezani 40. Jumla 100. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati 1,200 za saa moja, ila ile ya asidi ukiitumia kupita nusu kila mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Toa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na saa tano hivi. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na kurudi saa nane mchana, umevuka. Na kama betri kubwa huiwezi, nunua kibetri cha ruta peke yake. Kompyuta ina betri yake ndani. Kinachokukatia maneno mdomoni ni ruta iliyozimika. Luku, umeme wetu wa kulipia kabla, jaza Jumapili, usingoje mita ianze kulia.

Intaneti, weka laini mbili za kampuni tofauti. Hata hivyo usizitegemee kwa kila kitu. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Afrika Mashariki ikakaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anahariri video hapo hapo Tanga, laini zake mbili zilikwama zote pamoja. Kilichomwokoa ni mafaili aliyokuwa amekwisha kuyapakua. Tangu hapo nami kila Ijumaa napakua kazi za wiki inayofuata. Na kama mwajiri wako anakutaka utumie VPN, ile njia ya siri ya kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, kumbuka kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza Oktoba 2023 kuwa wanaoitumia waisajili. Malizana na hilo kabla ya safari.

Meza. Ile meza fupi ya sebuleni ya kuwekea vikombe imeumiza migongo mingi. Mwaka wa kwanza niliifanyia kazi wiki mbili, shingo ikakaza hadi nikawa nageuka mwili mzima kumwitikia mtu salamu. Nikaenda kwa fundi seremala, nikamchorea: marefu sentimita 120, upana 60, kimo 74. Akauliza ni ya kulia watu wangapi. Nikamwambia ya mtu mmoja, ya kazi. Akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akaniambia kunja mkono, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, akaandika 68 kwa penseli juu ya ubao. "Dada, hiyo 74 yako itakupandisha mabega kutwa." Alikuwa sahihi. Nimerudi Hamburg nikapima meza yangu ya dukani, ambayo nilikuwa nimeisifu miaka yote, nikakuta imenizidi sentimita sita zile zile. Nikainua kiti na kuweka kibao chini ya miguu.

Mengine ya meza ni machache. Tafuta kibodi ya pembeni na kipanya, kisha kompyuta yenyewe iweke juu, ukingo wa juu wa kioo chake usawa wa macho. Kwa mama natumia kreti la soda lililopinduliwa, na kimo chake kinanitosha kabisa. Mwanga uingie ubavuni, usiupe mgongo wala uso. Januari upepo ni kaskazi, kwa hiyo meza yangu iko kwenye dirisha linaloupokea, na kazi zinazotaka kichwa kilichotulia nazimaliza kabla joto la saa nane halijakaa chumbani. Kila dakika 20 nainua macho niangalie mbali, mita sita na zaidi, kwa sekunde 20. Tanga ni mnazi wa jirani. Hamburg ni madirisha ya ghorofa la ng'ambo.

Sasa watu. Jioni ya siku ile ya mihogo nilikaa na mama uani, nikamweleza kwamba wakubwa wangu wananiona na kunisikia, kwamba saa zangu kwa Tanga zinaanza saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwamba ndani ya saa hizo niko kazini kama niliyepanda basi nikaondoka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na kanga yake ya zamani iliyopauka. "Hii ikining'inia mlangoni, umekwenda. Ikitoka, umerudi."

Tangu kesho yake mama ndiye aliyekuwa bawabu wangu. Hodi ikibishwa, nilimsikia kutoka ndani: "Karibu. Yuko kazini, atarudi magharibi." Hakusema yuko chumbani. Na wageni walikubali, hata waliokuwa wakinisikia naongea Kijerumani nyuma ya pazia. Kazi ilikuwa imepata mahali pa kwenda, kwa hiyo waliielewa.

Lakini kanga ilikuja na masharti yake. Mama alitaka kabla sijaitundika niwe nimezunguka kuamkia: shikamoo kwa bibi wa nyumba ya pili, pole kwa mwenye mgonjwa, simu kwa shangazi Pangani. Mwanzoni niliziona ni saa za kazi zinazopotea. Baada ya wiki moja nikaona hesabu yake. Mtu uliyemwamkia asubuhi haji saa saba kuuliza kama unaumwa. Amekuona, amesikia sauti yako, moyo wake umetulia. Asiyeamkiwa ndiye anayekuja, na akija huwezi kumfukuza. Dakika arobaini za asubuhi zilininunulia mchana mzima. Msiba tu ndio unaoshusha kanga, na hilo nilimwambia msimamizi wangu mapema: jirani akifiwa nitaomba saa mbili, nitazilipa usiku. Alikubali bila neno. Ningemwambia siku yenyewe, sidhani kama angeelewa.

Huku Hamburg hakuna abishaye hodi. Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi jioni limekwisha kuzama. Majira ya baridi ya 2020 nilikuwa na kila kitu: kiti cha kupandisha na kushusha, vioo viwili vya kompyuta, intaneti isiyotetereka. Siku moja simu yangu ya kwanza ilikuja saa nane mchana. Nikafungua mdomo kuitikia na sauti haikutoka. Nikakohoa, nikajaribu tena, ikatoka ya kukwaruza. Nilikuwa sijatamka neno hata moja tangu jioni iliyopita. Na kazi ya miezi ile ilikuwa mbovu. Nilikuwa nakagua hati moja mara tatu na bado nakosea, kwa sababu akili iliyokaa peke yake muda mrefu inaanza kujishuku, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha na kumuuliza, hebu angalia hapa.

Dawa niliitoa nyumbani. Ofisi zote nilizofanyia kazi Tanzania zilikuwa na chai ya saa nne, na mtu alikuwa anaipigania. Nikairudisha. Saa nne ya Hamburg nainuka mezani, nachemsha chai na iliki, nampigia mama. Kwake ni saa sita wakati wa baridi, saa tano wakati wa kiangazi, yuko jikoni, simu ameiegemeza kwenye kinu. Hatuongei mengi. Nasikia nazi ikikunwa, namsikia akimkaripia kuku, dakika kumi na tano zinaisha, narudi kwenye hati zangu na sauti ikiwa hai. Kabla ya kuanza kazi navaa na kutoka, nazunguka mtaa, namsalimu Mturuki muuza mikate. Na mara mbili kwa wiki nakutana na dada mmoja wa Bukavu, Kongo, kwenye maktaba kuu, karibu na stesheni. Yeye ananiambia "muzuri", mimi namwambia "nzuri", kila mtu na kompyuta yake, meza moja, mchana tunakula pamoja. Siku hizo mbili namaliza kazi za siku tatu. Ndugu zangu mlio ughaibuni, kabla hujanunua kioo cha tatu, tafuta mtu wa kukaa naye meza moja.

Kuna jambo moja ambalo Wajerumani wanalishika vizuri. Wana neno Feierabend, ule wakati kazi ya siku inapokwisha, na jirani mkipishana kwenye ngazi jioni anakutakia wa kwako uwe mwema. Sheria yao inataka saa 11 za kupumzika mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na mapumziko ya dakika 30 kwa anayepita saa sita za kazi. Miaka mingi niliwasifu kwa hilo, mpaka nilipoisoma ya kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 12 kati ya kazi na kazi, na saa nzima ya mapumziko akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Yetu inatoa zaidi! Ila huku msimamizi wangu hanitumii ujumbe saa nne usiku, na kwetu ujumbe huo unaingia kwenye kundi la WhatsApp, na asiyejibu anaonekana hana nidhamu. Hilo linaniuma, kwa sababu haki tunayo tayari kwenye karatasi.

Na gharama. Tangu 2023 ofisi ya kodi ya Ujerumani inakuruhusu kukata euro 6 kwenye kipato kinachotozwa kodi kwa kila siku unayofanyia kazi nyumbani, hadi siku 210, yaani euro 1,260 kwa mwaka. Si utajiri, lakini serikali imekubali kwamba meza iliyoko nyumbani kwako ni gharama ya kazi. Mwajiri wa kwetu aliyepunguza pango la ofisi kwa kuwarudisha watu nyumbani anapaswa kuwalipia bando na kuchangia Luku, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Mtoto wa kaka yangu hana mwajiri wa kumdai, na ile sheria ya ajira haimlindi. Wateja wake wako Marekani. Januari iliyopita nilimkuta anafanya kazi kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri, kisha analala mchana, na bibi yake anamwamsha akapeleke mahindi mashineni kwa kuwa "hana la kufanya". Macho yamemwiva. Tukakaa na daftari siku mbili. Tukaandika Luku ya mwezi, bando, betri ya kubadilisha kila baada ya miaka michache, tukagawa kwa saa anazofanya kazi kweli, tukaongeza kwenye bei. Kisha tukahamisha saa zake: saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, ambazo kwa New York wakati wa baridi ni saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa hiyo mteja anampata siku nzima. Mama akatoa kanga ya pili, akaitundika mwenyewe kwenye mlango wa kijana.

Kijana akawaandikia wateja wake watano bei mpya na saa mpya. Mmoja aliondoka. Wanne walikubali, na wawili kati yao walimjibu kwamba hawakuwahi kujua kuwa kwake ilikuwa usiku wa manane.